Kuku Wako Alivyotoa Cheche

Mama mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mkorofi ameshazaa? Mimi kijana wako wa sura nzuri ni mzima, kwa hivyo yale aliyokuambia Kaka Wafula kwa simu yapunguze nusu. Nyumba haijaungua. Hata mtoto wake ni mzima kabisa.

Ilikuwa hivi. Jumamosi nilitoka kazini mapema, nikamkuta Shemeji Rehema akipanda juu ya paa la ghorofa kuanua nguo. Akaniambia nimwangalie mtoto, amelala kwenye kochi, na nipashe moto yule kuku uliyetutumia kwa basi. Sasa mama, ulimfunga kwa foili, na juu yake gazeti. Ningemfungua, Kaka angesema nimekula firigisi, na unajua firigisi ni ya mwenye nyumba. Nikamsukuma kwenye maikrowevu vile vile, Kaka ajionee kwamba hajaguswa.

Dakika haikuisha. Cheche, kama mtu anachomelea geti ndani ya sanduku. Mimi nashinda kazini Kariobangi nikifua vyuma kuwa masufuria, moto naujua, lakini ule ulinitoa jasho. Gazeti likawaka. Nikashika jagi la maji, mkono mwingine uko kwa mlango wa maikrowevu, ndipo Shemeji akaingia.

"Usifungue! Zima swichi ya ukutani."

Nikazima, nikachomoa waya, nikambeba mtoto nje. Moto ukakosa hewa, ukafa wenyewe. Mtoto hata hakuamka, amerithi usingizi wako.

Baadaye Shemeji alinieleza polepole, kama mwalimu wa nasari: foili na chuma haviingii humo, wala gazeti, chakula kinawekwa kwa sahani ya kioo, na nikiona moto mlango ubaki umefungwa. Nikamwambia nilijua, nilikuwa namjaribu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kaka hakucheka. Alisema Jumatatu narudi kijijini, mjomba aje kunichukua. Shemeji akamuuliza kama tangu nije hapa Njiru amewahi kunionyesha hiyo mashine inavyotumika. Kaka akawa mpole, akamfungua kuku, akachungulia. Firigisi ipo. Akaitafuna bila kuniangalia.

"Jumatatu usichelewe kazini," akasema.

Kwa hivyo nimebaki, mama. Mwambie mjomba asije kunichukua.

Msalimie Baba, Nyanya, na dada yangu mdogo mpika uji wa madonge.

Ni mimi mwanao, bado niko Nairobi,
Barasa