Reli ya Shangazi Kwenye Rafu ya Gemu za Nje

Jumatano, 4 Machi

Nimeshinda! Sawa, sijashinda bado — lakini mkutubi amenipa rafu.

Alinipigia simu nikiwa kazini, nimeinamia kifaa cha kumsaidia mzee mmoja kusikia, nyaya zake nyembamba kuliko unywele. Maktaba inaandaa maonyesho ya ile mashine ya gemu ya kizamani, ile ya kijivu iliyokaa chini ya kila televisheni ya mtaa wetu tulipokuwa watoto. Kasikia nina kaseti zake nyingi. Anaomba nimwazime, lakini zile rasmi tu, za kampuni iliyounda mashine yenyewe. Za kampuni nyingine hazihitaji. Watu hawazijui, anasema.

Hawazijui! Niliweka chuma cha kulehemu chini nisije nikaunguza sikio la watu. Nikamwambia, bwana mdogo, aliyejenga jiko si lazima ndiye awe mpishi. Mashine wameunda wao, hongera zao. Gemu zao nazo ni nzuri, sikatai — kimbia kulia, ruka, ponda, ruka tena. Ila gemu zilizonifundisha kufikiri zilitoka nje ya kampuni hiyo, kwa vikampuni ambavyo ofisi yake labda ilikuwa chumba kimoja na birika.

Mkutubi akasema basi, rafu moja, ile ya dirishani, na runinga moja. Kwa majaribio. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wakizipita bila kuzigusa, nazirudisha nyumbani. Wakizipenda, zinaingia chumba cha kudumu.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumamosi, 7 Machi

Kitanda chote kimejaa kaseti. Nimelala kwenye kochi mchana kama mgeni.

Kuchagua si mchezo. Si kila gemu ya nje ni dhahabu, nasema mwenyewe kabla sijaambiwa. Punda Mgomvi, kwa mfano, ni takataka. Punda hageuki, anapiga mateke hewa. Majina haya tuliyabandika sisi wenyewe utotoni, kwa sababu majalada yaliandikwa kwa lugha tusiyoijua.

Lakini Bundi wa Posta! Bundi anapeleka barua usiku kucha na hana silaha yoyote. Adui akija, unatua kwenye tawi na kutulia mpaka apite. Nani mwingine alithubutu kutengeneza gemu ya kutulia? Na Zimamoto Wawili — wachezaji wawili, bomba moja la maji. Mkivutana, nyumba inaungua. Mimi na kaka tulipigana ngumi kwa ajili ya gemu hiyo, na ndiyo hiyo hiyo iliyotupatanisha.

Kaka alipita kunywa chai. Anafundisha udereva, basi kila kitu kwake kina sheria. Akazitazama kaseti zangu akacheka: bado unalea watoto wa kambo? Kazi mbaya si mchezo mwema, dada. Nikamuuliza mbona mkono wake umeshaibeba Zimamoto Wawili. Akairudisha haraka.

Imebaki moja ambayo siwezi kuichukua bila ruhusa. Reli ya Milimani. Hiyo ni ya Shangazi.

Jumapili, 8 Machi

Nimetoka kwa Shangazi. Kichwa kimejaa.

Ndiye aliyetulea mimi na kaka. Alikuwa mpiga chapa, na ofisi nzima ilijua vidole vyake. Akirudi jioni anavua viatu, anashika pedi ya gemu, anasema ananyoosha vidole. Bosi wake angezimia! Reli ya Milimani aliijenga miaka na miaka, mimi nikiwa pembeni yake. Unapewa vipande vya reli mwanzoni, basi, hakuna vingine. Unatandaza, unaweka vituo, treni inapanda taratibu kuelekea kileleni. Alifika chini kidogo tu ya kilele, kwenye korongo la mwisho. Pale panataka daraja, na daraja linataka ugonge kitufe sawasawa na nyundo ya kwenye skrini huku upepo unavuma. Kisha akaugua. Mikono ikaanza kutetemeka na haikuacha. Pedi akaifunga kwenye kitambaa. Akasema, reli yangu msiiguse.

Leo nimemwomba. Akanitazama kama anasoma barua ya kazi. Chukua, akasema, ila nitakuja kuimalizia mwenyewe, mbele ya hao watu wako.

Tukaiwasha. Treni ipo! Vituo vyote vipo. Nikafurahi mpaka nilipoweka kipimo changu cha umeme. Ndani ya kaseti kuna betri ndogo, bapa, kama ya saa. Hiyo ndiyo inayokumbuka reli wakati mashine imezimwa. Iko hoi. Ikifa, mlima unabaki mtupu. Na ukiitoa tu ili uweke mpya, mlima unabaki mtupu vile vile.

Nikamweleza. Hakushtuka. Kama moyo wake umechoka, mpe mwingine, akasema. Wewe si fundi?

Nikajigamba kidogo. Nikasema mikono hii inafufua masikio ya watu, itashindwa na treni? Akanikata: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nenda kafanye, utajisifu baadaye.

Jumanne, 10 Machi

Njia ipo. Kaseti ifunguliwe ganda, ichomekwe mashineni ikiwa uchi, mashine iwashwe. Mashine ikiwa inawaka, yenyewe ndiyo inayoilisha kumbukumbu. Hapo ndipo unatoa betri ya zamani na kulehemu mpya. Chuma kikiteleza, kwaheri. Umeme ukikatika, kwaheri.

Nimejaribu kwa Punda Mgomvi. Nimemuua. Nikamjaribu tena, nikapumua vibaya, akafa tena. Mara iliyofuata akabaki mzima, na alama zake zote, na mateke yake yote ya hewa. Angalau punda amefaa kitu!

Kaka amesema atakuja Alhamisi kulinda swichi, mtu asiipige kikumbo. Hakuna mtu mwingine nyumbani kwangu. Anataka tu kuwepo.

Alhamisi, 12 Machi

IMEKUBALI!

Niandike vizuri. Niliomba ruhusa kazini, nikafanya mchana, jua likiwa dirishani. Mashine mezani, kaseti imesimama bila ganda lake, treni ya Shangazi kwenye skrini. Kaka kiti cha pili, mikono magotini kama yuko kwenye mtihani.

Nikayeyusha lehemu ya upande mmoja. Upande wa pili. Nikainua betri kwa kibano. Nikasema, haya, inatoka.

Sasa, Shangazi alitulea kwa amri moja kuu: zima mashine kwanza, ndipo uguse kaseti. Alitupiga makofi ya mikononi kwa amri hiyo. Imetuingia kwenye damu. Kaka kusikia neno inatoka, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi. Nikaona kidole kiko juu yake. Nilipiga ukelele hadi jirani wa ghorofani akagonga sakafu yake! Kaka akaganda. Kidole kikabaki pale pale, hakishuki wala hakipandi, jasho linamtoka. Nikamwambia taratibu, kaka, toa mkono kama unavyoutoa mdomoni mwa mbwa. Akautoa.

Mkono wangu haukutikisika. Naandika hapa kwa sababu kwa watu nitaona haya kusema: haukutikisika hata chembe. Betri mpya imekaa, lehemu inang'aa. Nikazima. Nikawasha. Treni ipo, vituo vyote vinawaka taa.

Kaka akanishika kichwa na kunibusu utosini. Akasema chanda chema huvikwa pete, ila samahani sina pete. Tukacheka mpaka machozi. Kisha akaniomba tucheze Zimamoto Wawili kidogo tu. Nyumba zote ziliungua.

Ijumaa, 13 Machi

Nimepanga rafu. Meza ya gemu rasmi iko katikati ya ukumbi, ina kitambaa na taa. Yangu iko dirishani, jirani na magazeti ya zamani. Mkutubi kaweka kibao: Gemu za Nje. Kwa wino mzuri, nakiri.

Naogopa.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika nimeketi palepale maktaba, kiti cha dirishani. Lazima niandike sasa.

Asubuhi ilikuwa aibu. Watu walimiminika meza ya katikati. Ruka, ponda, ruka. Kwangu alikuja bwana mmoja, akauliza choo kiko wapi.

Kisha wakaingia wauguzi wawili, bado wana sare. Wakachukua Zimamoto Wawili kwa sababu foleni ya katikati ni ndefu. Basi! Vuta wewe! Mimi? Wewe ndiye umeshika vibaya! Nyumba inaungua, wao wanapigana mabega, watu wanageuka kutazama. Wakaanza kupanga mstari kwangu. Mwanamume mwenye ovaroli ya gereji alicheza Bundi wa Posta, akatulia kwenye tawi muda mrefu, na mkewe akasema hajawahi kumwona ametulia hivyo tangu wafunge ndoa. Nikamtazama mkutubi. Akatazama dari.

Mchana Shangazi akaingia, fimbo mkono mmoja, kaka mkono wa pili. Amevaa suti yake ya ofisini! Ukumbi mzima ukampisha. Akakaa, akashika pedi, akaenda moja kwa moja kwenye korongo.

Daraja lilianguka. Akarudia. Likaanguka. Nyundo inagonga, kidole chake kinachelewa, au kinagonga kabla. Watu wakaanza kutazama viatu vyao kwa huruma, jambo baya kuliko kelele. Kaka akasema nipe nikusaidie, Shangazi. Kaa chini, akajibiwa. Nilitamani sakafu inimeze. Mimi ndiye niliyemleta mbele za watu.

Kisha akairudisha treni nyuma. Nikajua ameacha. Nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza.

Akang'oa kipande cha reli.

Akang'oa kingine. Nikashindwa kujizuia: Shangazi! Unafanya nini?

Nazunguka, akasema bila kuondoa macho kwenye skrini. Korongo halinitaki, nami silitaki. Nitalizunguka.

Nikaelewa, na moyo ukanishuka. Njia ya kuzunguka ni ndefu, haina daraja, haina nyundo, haina haraka yoyote. Kidole kinachotetemeka kinaiweza. Lakini vipande vya akiba vilishakwisha zamani. Kwa hiyo anavitoa nyuma. Huko chini, ambako treni ilishapita. Kituo cha bwawa — amekitoa. Kituo cha msitu, alichokijenga mwaka nilioanza sekondari — amekitoa. Vituo vile vile nilivyovishikia pumzi juzi Alhamisi! Nilimwambia, lakini Shangazi, nimevihangaikia hivyo. Akasema, najua, mwanangu, na umefanya kazi safi. Usingeviokoa, sasa ningetoa nini? Reli niliiweka ipitishe treni, sikuiweka ipambe mlima.

Niliumia, siongopi. Kisha nikamtazama uso. Sijamwona na uso mchangamfu hivyo tangu augue. Na mikono inatetemeka vile vile, haijapona hata kidogo, na reli inapanda. Nilivimba kwa fahari. Nikamgeukia mkutubi kwa sauti isiyo ya maktaba nikamwambia, unaona? Gemu zenu zina njia moja. Waliotengeneza hii walimfikiria mtu ambaye daraja litamshinda. Hawakumjua, lakini walimfikiria!

Meza ya katikati imebaki na taa zake. Watu wote wako huku. Bwana wa ovaroli anamwelekeza: pitia ile kona, mama! Wauguzi wamekosa basi lao kwa hiari. Saa ya kufunga imepita. Mkutubi alikuja na funguo, akaniuliza kwa kunong'ona, hii inaisha leo? Nikasema sijui. Akaenda, akarudi na kiti, akaketi.

Na sasa hivi ndiyo imekuwa hivi. Vipande vimekwisha. Kilele kile pale, reli imebakiza pengo dogo. Mlima wote huko nyuma ni mtupu, isipokuwa kituo cha kwanza kabisa, chini kule mwanzo. Kile nilikijenga mimi. Shangazi alinipakata, akaniwekea pedi mikononi, akasema weka popote. Nikakiweka upande upande. Kimepinda mpaka leo. Kila mgeni aliyekuja alimwambia akinyooshe, na kila mgeni aliambiwa ashughulike na chai yake.

Kina vipande ndani yake. Pengine vinatosha. Pengine havitoshi, na nitakuwa nimekitoa bure, maana kwenye gemu hii kituo kikishatoka hakirudi.

Shangazi alisimamisha treni. Akaniambia, hiki si changu, sikigusi. Ukikiacha sitakulaumu. Reli itaishia hapa, na bado itakuwa reli nzuri. Akaniwekea pedi mapajani, akamshika kaka mkono, wakaenda kunawa. Anataka niamue bila yeye kunikodolea macho.

Watu wote wananitazama. Naandika ili mikono ipate kazi, kwa sababu mikono yangu, mikono ile ile ya Alhamisi — inatetemeka.

Nasikia fimbo kwenye ukumbi wa nje. Wanarudi.

Kitufe cha kung'oa ni kile chekundu. Naweka kalamu chini —