Jibini Isiyoguswa na Moto

Mpendwa mavyaa,

Hukujua kusoma ulipokuwa hai, na sasa u chini ya mchanga wa Garsen, kwa hiyo barua hii haina njia ya kukufikia. Naiandika hivyo hivyo, tena wazi, mwenye kutaka kuisoma aisome. Maneno haya nimeyabana kifuani tangu miaka ile ya hamsini na nimechoka nayo.

Nilikuja kwako bibi harusi kutoka Kipini. Mwanao alikaa nami mwaka mmoja, kisha akashika njia ya Mombasa kutafuta kazi bandarini. Akaniacha na wewe, akakuacha na mimi, wala hakumuuliza mmoja wetu. Wewe ulikuwa na ugonjwa wa sukari. Miguu ilivimba, macho yalianza kupoteza nuru, na daktari wa Lamu alikuwa amekukataza karibu kila kitu ulichokipenda: wali, ugali, ndizi, tende, chai ya sukari. Alisema ukiendelea navyo hutamaliza mwaka. Basi kila mlo ukawa ugomvi. "Wanilisha majani kama mbuzi," ulikuwa ukisema, nami nikijibu kimoyomoyo kwamba mbuzi hana mdomo kama huo.

Nisikufiche, mavyaa, nilikuwa nimekwisha kufunga furushi langu. Nilitaka kurudi kwa baba, ingawa nilijua aibu ya mke kutoka bila ruhusa ya mumewe. Nilikuwa nangoja tu mvua ipungue. Haikupungua. Asubuhi moja nikafungua mlango nikakuta mto Tana umekuja wenyewe mpaka mwembeni, mpana, mwekundu, umebeba mapaa ya makuti na mizoga ya mbuzi. Barabara ya Hola haikuonekana, wala ile ya kwenda pwani. Tulibaki juu ya kijiinuko chetu, nyumba tatu tu, na mbili kati yake wenyewe walikuwa wamekimbia.

Tuliishi vipi mle ndani? Ukuta ulitota ukawa laini kama unga uliokandwa. Nyoka walipanda darini. Viboko walikoroma nyuma ya choo, tukawa hatutoki ila kwa haja. Niliyajua matundu yote ya paa lile. Nilijua pumzi zako, za kulala na za kujifanya umelala. Kuna siku nilisimama mlangoni nikapiga kelele bila neno lolote, kelele tu, na wewe ukaniambia kitandani, "Piga na yangu, mie sina nguvu."

Chakula tulikuwa nacho, na hilo ndilo lililotisha. Gunia zima la mchele lilikaa pembeni pamoja na debe la unga wa mahindi, vyote vizuri kwangu na vyote sumu kwako. Kuku tuliwamaliza wiki ya kwanza. Kambare walijileta wenyewe mpaka mlangoni, ila hukutaka hata kuwaona. "Ana masharubu kama polisi," ulisema. "Simli mtu mwenye masharubu." Ulicheka, ukasukuma sahani.

Ndipo alipokuja Hawo, mwanamke wa Waorma wafugaji. Mume wake alikuwa ameswaga ng'ombe wengine nyika ya juu kabla ya maji, yeye akabaki nyuma na ng'ombe watatu wenye ndama, akakimbilia kwenye kijiinuko chetu. Alihamia nyumba ya pili. Kila asubuhi alituletea kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, jinsi Waorma wanavyofukiza vibuyu vyao, na siku ya kwanza alinishika mkono kabla hajaniachia kibuyu.

"Mama, maziwa hii hapana weka moto," alisema. "Moto yako nachoma chuchu ya ng'ombe yangu. Iko mbali, lakini nasikia."

Nikaitikia, kama mtu anavyoitikia jambo asiloliamini.

Maziwa mabichi yalikuchafua tumbo, na ya kuganda uliyatapika. Siku ya tatu hukutia kitu kinywani. Nikamkumbuka baba. Alikuwa mpishi wa Mzungu pale Kipini, na nilipokuwa mdogo alinionyesha jinsi ya kutengeneza jibini: unachemsha maziwa, unakamulia ndimu, yanakatika, unayachuja kwa kitambaa. Hakuna unga, hakuna sukari. Nikajiambia Hawo hatajua. Nikafunga dirisha, nikawasha moto, nikaweka sufuria.

Ile jibini ilitoka nyeupe na tamu ya kubana meno. Niliikandamiza chini ya jiwe la kusagia, nikaikata vipande vya ukubwa wa kete za bao, nikaitia kwenye chupa ya achari: maji ya ndimu, chumvi, pilipili nyekundu nilizozitwanga na kitunguu saumu, bizari nzima kidogo, na uto wa simsim juu yake. Asubuhi yake nilikupa kipande kimoja. Ulitafuna. Machozi yakakutoka, kamasi zikakutoka, ukashika koo.

"Mwanangu," ulisema, "wataka kuniua?"

Ukanyosha mkono kuomba cha pili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu, nami nilifurahi kuliko nilivyotaka.

Lakini harufu ya maziwa yaliyoungua haifungiwi kwa dirisha. Hawo alifika, akaiona sufuria na utando wa maziwa ukingoni. Alichukua kibuyu chake, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nilimwona kwa mbali amechuchumaa chini ya ng'ombe wake mwekundu, anamkanda kiwele kilichovimba. Mpaka leo sijui kama ni mbu, ni maji machafu au ni moto wangu. Najua tu kwamba chupa ya jibini iliisha, na siku mbili baadaye njaa ilikushinda, ukala sahani ya wali nilipokuwa nimekwenda kuteka maji. Nilikukuta umelala huamki vizuri, kinywa kimekauka, unaongea na watu waliokufa.

Nilikaa nawe kutwa nikikunywesha maji kwa kijiko. Niliogopa kifo chako na, Mungu anisamehe, niliogopa pia kufungiwa na maiti.

Ulipopata nafuu ulitafuta bakora yako. Nilidhani wataka kwenda haja. Wewe ukatoka, ukavuka ule uwanja wa tope kwa miguu yako iliyovimba, ukaanguka mara mbili, ukanikataza nisikushike. Ulimkuta Hawo mlangoni pake.

"Usimlaumu mtoto," ulimwambia. "Ni mie niliyemwamrisha achemshe. Yeye alikataa."

Mavyaa, nilisimama nyuma yako nikiwa sina pa kuweka uso. Hukujua hata moto ule niliuwasha lini, ulikuwa umelala. Hawo alikutazama wewe, akanitazama mimi, na naamini alijua uongo huo ni wa nani kwa ajili ya nani. Akakufuta tope goti kwa ncha ya nguo yake.

"Ng'ombe napona kidogo," alisema. "Maziwa nakupa. Moto, hapana."

Tukajifunza upya. Tuliyaacha maziwa yagande yenyewe kwenye kibuyu, tukayamimina ndani ya leso yako kuukuu, tukaining'iniza kwenye mwamba wa paa idondoke siku nzima. Ikitoka hapo, tukaikandamiza chini ya jiwe. Hawo mwenyewe alikuja kukaza fundo, kwa sababu langu alisema ni fundo la mtu anayetaka kwenda. Jibini hiyo ilikuwa laini kuliko ya baba, na chachu, na ikiingia kwenye pilipili haikuwa na mfano. Ulikula asubuhi, ukala jioni. Miguu ilipungua. Ulianza tena kunigombeza, na nikajua utapona.

Kisha maji yakateremka. Mpokomo mmoja wa kijiji cha Ozi akapita na mtumbwi, akasema anashuka mpaka karibu na Kipini na ana nafasi ya mtu mmoja. Nilikuja kukuaga na furushi kichwani. Sikuogopa tena aibu. Nilikuambia nitarudi baada ya mwezi, na labda ningerudi.

Ukaingiza mkono chini ya godoro, ukanipa bahasha iliyolainika kwa unyevu. Ilikuwa barua ya mwanao kutoka Mombasa. Talaka moja, mbele ya mashahidi wawili. Aliyeileta alikueleza yaliyomo, nayo ilifika kabla ya maji, mimi nikiwa kisimani. Niliitazama tarehe. Miezi minne ilikuwa imepita. Nilikuwa nimekaa eda mle ndani, na eda imekwisha, wala sijui kuwa nimeachwa.

"Kwa nini?" nilikuuliza.

"Ningekupa, ungekwenda."

"Ndiyo," nikasema. "Ningekwenda."

Ukaninyoshea mkono. Sikuupokea. Nilipanda mtumbwi nikakaa nimekupa mgongo, na nilipofika mbali nilisikia Hawo akikuita uingie ndani.

Ulikufa masika ya pili yake. Hawo alikuwa nawe, na ndiye aliyenitumia salamu za msiba. Sikuja mazikoni. Niliolewa tena, nikazaa, nikajaliwa wajukuu, na katika miaka yote hiyo sijapata kukaa chumba kilichofungwa bila kuamka kujaribu mlango.

Nilikulaani sana. Ulinifungia mlango uliokuwa wazi, ukala kwa mkono wangu huku barua yangu iko chini ya ubavu wako. Halafu nalirudia jambo moja na kila mara nakwama hapo hapo. Ungenipa barua ile siku ilipofika, ningeondoka siku ile ile. Maji yangekukuta peke yako na gunia la mchele, nawe ungeupika ukala. Ningekuwa Kipini nacheka na wenzangu, na hata habari ya kifo chako isingenikosesha usingizi, kwa maana nilikuwa bado sikupendi.

Sikuanza kukupenda ila baada ya kuzuiwa kuondoka. Siwezi kukusamehe hilo, wala siwezi kutamani lisingetokea. Ila mkono ule ulioninyoshea, mama, leo nimeupokea.

Aliyekuwa mkaza mwanao