Kordoba Bila Kuaga

Jumanne, 2 Mei 2000. Irving

Uwanja wa ndege, hoteli, uwanja wa ndege, hoteli. Abiria wangu wa leo walikuwa wakienda Roma, Paris, sijui wapi. Nimewabebea masanduku, nimewatakia safari njema, nikarudi na gari tupu. Miaka yote hii natakia watu safari njema. Nimechoka. Sasa zamu yangu.

Nimemwambia meneja nachukua likizo. Akauliza kama kuna msiba. Hakuna msiba, nikamwambia, nakwenda kutembea. Hakuelewa.

Alhamisi, 4 Mei

Kaka Athmani kapiga simu kutoka Missouri City, karibu na Houston. Keshasikia. Waswahili wa Texas hawana dogo.

"Mwanaidi, mwanamke mzima, huna mume, waenda Spain kufanya nini peke yako? Tena kwa mabasi?"

Nikamjibu kwamba ndege ya bei rahisi inaishia Lisbon, kwa hiyo kutoka hapo ni mabasi. Najua silo aliloniuliza.

Ndipo akatoa kubwa lake. Mama hataki. Mama hajatoa radhi. Tena nisimguse na habari hizi, presha yake itapanda. Mama anakaa kwake, kwa hiyo habari zote za Mama zinapita kinywani mwa Athmani.

Nimelia jikoni. Halafu nimepika wali, nikala wote.

Jumatatu, 8 Mei. Missouri City

Nimechukua viza Houston. Nalala kwa Kaka, maana pesa za hoteli ndizo pesa za basi.

Mezani hakuna aliyeigusa habari yangu. Mama alimenya machungwa, hakunitazama. Nilitamani kumwambia: ni ile kalenda yako! Alipewa na duka la vitambaa, akaitundika sebuleni kwetu Kibokoni, Mombasa, nikiwa mdogo. Picha ya msikiti wa zamani wa Kordoba, huko Spain, nguzo hazina mwisho, matao yana mistari myekundu na myeupe. Mwaka ukaisha, kalenda haikutoka ukutani. Mama alikuwa akiipangusa vumbi na kusema, sijui ni wekundu kweli au ni wino tu. Mimi naenda kuangalia. Basi. Sina siri nyingine.

Kaka alinikazia jicho, nikanyamaza. Salma, binti yake, ndiye peke yake aliyefungua mdomo: "Auntie, that's so cool." Akaambiwa ale.

Jumanne, 9 Mei

Nimetoka mapema, mlango wa Mama bado umefungwa. Nilisimama nje yake na begi langu. Kaka akaja na kikoi chake, akaweka kidole mdomoni. Presha. Nikaondoka.

Nje akaniambia nikienda nisirudi kwake. Nikamwambia nyumba ni yake, miguu ni yangu.

Kwenye basi la Dallas nilimjibu Kaka kimoyomoyo mpaka Huntsville. Hasira, si woga. Woga kidogo.

Alhamisi, 11 Mei. Lisbon

Nimefika. Nimechoka, miguu imevimba. Nimemuuliza mzee mmoja njia ya nyumba ya wageni, nikamwonyesha karatasi. Akanyoosha mkono mlimani: "Igreja! Igreja!" Mimi nikasikia gereza. Siku ya kwanza tu naelekezwa jela, Athmani atafurahi huyo! Kumbe ni kanisa. Nyumba ya wageni iko nyuma yake.

Nimecheka peke yangu kitandani. Wareno walitujengea nini Mombasa hata kanisa na jela yakawa na jina moja?

Ijumaa, 12 Mei. Ndani ya basi

Tumevuka mpaka. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nilikaa wima nikingoja askari, pasipoti mkononi, hakuja mtu.

Nakula mkate na mayai niliyochemsha jana. Mama mmoja wa Kireno kando yangu aliishika leso niliyojitanda, akasema "lenço". Nikamwambia leso. Akasema "lenço". Tukabishana hivyo, tunacheka, mpaka akashuka. Ni leso ya Mama. Nimeichukua kwenye kamba ya nguo pale Missouri City bila kuomba. Kama sina radhi, angalau nina leso.

Jumamosi, 13 Mei. Kordoba

Nimeingia.

Msikiti wa kalenda sasa ni kanisa. Wamesema Waislamu hawasali humo. Haya. Kusimama hakujakatazwa. Nikasimama. Mlinzi akanitazama leso, akanitazama miguu, nami nikamtazama. Nilisimama kati ya nguzo mpaka magoti yakauma.

Furaha yangu haikutimia. Niseme kweli. Kila tao nililolitazama, nilimwona Mama na kitambaa chake cha vumbi.

Kesho nampigia. Presha au si presha. Kaka akishika simu, atampa.

Jumapili, 14 Mei. Kordoba

Simu kashika Salma. Hakuuliza kitu, akampelekea Mama.

Nikamwambia ni wekundu kweli, Mama. Si wino.

Nikasema najua hukunipa radhi.

"Nani kasema?"

Hakuna aliyemuuliza. Kaka alimwambia mimi ndiye nisiyetaka kusemeshwa habari ya safari. Asubuhi ile alikuwa macho. Alikuwa amekaa kitandani, amejitanda, anangoja nibishe mlango.

"Sikukukataza safari, mwanangu. Hukuniaga."

Nikatia sarafu nyingine.

"Basi niage sasa."

Nikasimama wima katika kibanda cha simu, nikaiweka leso vizuri kichwani. Nikasema, Mama, nasafiri, naenda Kordoba, niombee. Akaniombea dua, polepole, yote, nami naitikia. Akamaliza, akauliza nimekula nini. Mkate na mayai, nikamwambia. Akaguna.

Kasema, "Ukirudi, ufikie kwangu." Nyumba ni ile ile ya Athmani. Lakini Mama alisema "kwangu".