Kibuyu cha Mbegu Ulichoniachia

Bibi yangu,

Nina hasira na wewe, na kwa kuwa marehemu hajibu, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Wiki iliyopita nilitoka Tunduma kuja kupanda shamba ulilonirithisha hapa Mbozi. Nimeinama na kibuyu chako cha mbegu, baba mdogo akaninyang'anya mbele za watu.

"Kigego hashiki mbegu! Unataka ukoo ufe njaa?"

Miaka ishirini na miwili ninayo, bado nahukumiwa kwa sababu meno ya juu yalitangulia kuota! Meno yenyewe ya utoto, yalishang'oka, ukanituma niyatupe juu ya paa. Tunduma nimepanga chumba, nafanya kazi dukani, na hakuna dereva wa lori aliyewahi kuniuliza meno yangu yalianzia wapi.

Unakumbuka wenzangu walivyokuwa wakipanda, mimi nimewekwa kando nilinde chakula? Nikirudi nalia, ulinihadithia nchi ya nyuma ya mlima, ambako watoto wote huanza na meno ya juu, na anayeanza na ya chini ndiye anayefukuzwa. Nilicheka mpaka nikalala. Siku hizi najiuliza: hata huko kwenye hadithi, bibi, lazima afukuzwe mtu?

Lakini jikoni kwako mambo yalikuwa mengine. Macho yako yalipoingia ukungu, ulifunga mlango, ukashusha mahindi yaliyotundikwa kwenye moshi, ukanimwagia mapajani. "Acha ya kichwani mwa gunzi, acha ya mkiani, chukua ya katikati." Nilipukuchua, nikachagua. Kesho yake ukoo mzima ukaja kuchukua mbegu, wanakusifu mkono wako haukosei, nawe unanikonyeza. Nilikuwa na miaka tisa, nikaona mchezo mtamu.

Tukaucheza kila mwaka mpaka ukafa. Najua ulikuwa unanilinda. Lakini bibi, na zile sifa ulizipenda! Ungesema siku moja tu, ukiwa hai, nani angekubishia?

Basi nimesema mwenyewe, pale pale shambani. "Baba mdogo, mbegu za bibi nilikuwa nachagua mimi."

"Mwongo! Mama alichagua mwenyewe."

"Kwa macho gani?"

Shangazi akaegemea jembe lake, akasema polepole, "Kaka, mama alikuwa hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano."

Baba mdogo akakitazama kibuyu. Mbegu zilizokuwemo ndizo za mwisho tulizochagua pamoja, mimi na wewe, na shamba lake alikuwa ameshalipanda lote juzi yake kutoka humo humo. Akakiweka chini, akaondoka. Nikapanda lako, shangazi akifukia nyuma yangu. Wengine walisimama kututazama tu, nami moyo uliniuma kuliko siku zote.

Leo asubuhi nimepita shambani kwa baba mdogo. Mahindi yameota, mistari imenyooka, hakuna pengo. Nimemkuta amesimama katikati. Hajang'oa hata mche mmoja. Salamu yangu hajaitikia pia.

Pumzika, bibi. Wakati wa kuvuna nitakuja kaburini, kama hasira zitakuwa zimepoa. Na mbegu za mwakani nitazichagua mlango ukiwa wazi.

Mimi mjukuu wako, macho yako ya jikoni.