Foleni ya Kwanza Ilijaa

Yusuf mwanangu,

Kosa la wengi wanaotunza ruta, mashine inayogawa mtandao, ni kumweka kila mwenye haraka kwenye foleni ya kwanza. Nimefundisha kwa miaka kwamba foleni hiyo, inayohudumiwa kabla ya zote, ni ya simu tu, kwa sababu sauti haivumilii kungoja. Nami nikakosea vilevile. Alikuja mtu wa kamera za lango la hospitali, nikamweka. Akaja mtu wa stoo, nikamweka. Akaja mzee wa bodi na video za mikutano yake, na kwetu mzee hakataliwi. Ukacheka, ukaniita ami kwa Kisomali: "Adeer, umewafungulia ngamia wote kisima kwa mpigo. Watavunja ndoo, halafu wavunje watu."

Ulichunga ngamia Wajir kabla ya kushika kompyuta. Ulijua kisimani mnyama anayekufa kiu hupitishwa mbele, na anayesukuma kundi zima hupigwa rungu.

Adhuhuri ile wavamizi walimimina risasi kwenye gari letu la hospitali ulimokuwa, karibu na Modogashe. Moja ikakuingia tumboni. Ulijikokota hadi kwenye kibanda cha mlingoti wetu wa mtandao, ukapiga simu hospitalini Garissa. Niliipokea mimi. Tuna milingoti miwili pale, mmoja barabara ya Garissa, mmoja ya Isiolo.

"Adeer... damu... niko barabara ya..."

Sauti ikakatika. Nilipiga kelele, nikapiga meza hadi ngumi ikapasuka. Kwenye skrini ya ukutani video ya bodi ilikuwa safi, wazee wanakoroga chai.

Ambulensi nikaituma barabara ya Garissa. Wewe ulikuwa kwenye ile ya Isiolo. Walipokufikia, damu ilikuwa imekauka kwenye simu uliyoshika.

Jioni nikafungua ruta. Hesabu ya sauti zilizotupwa, zile ruta inazoziacha foleni ikijaa, ilikuwa imepanda wiki nzima. Wiki nzima, Yusuf, nami sikuitazama!

Nikawang'oa wote kwenye foleni ya kwanza. Mzee wa bodi alikuja na bakora: "Unanidharau?" Nikaiweka mbele yake ile simu yenye damu yako. Akaitazama, akaondoka.

Dada yako Hodan sasa anatunza ruta ya Wajir, niliyoipanga kwa mkono huu huu, kwa kosa lile lile. Nakuahidi: kila asubuhi nitasoma hesabu ya zilizotupwa kabla sijanywa chai, hadi nikufuate. Mungu akulaze pema, mwanangu. Sikukusikia. Nisamehe.

Nakala ya barua hii nampelekea yeye. Hodan, leo hii fungua ruta, na kila kisicho simu kitoe kwenye foleni ya kwanza.