Chupa ya Siki

Jumatatu, 9 Februari 1998

Nshabadilisha maji ya beseni mara mbili leo. Mama anasema nyumba inanuka pwani. Mwache. Kile kiumbe kama ua kimenata jiweni. Nikikipa dagaa kinamkumbatia, kinammeza, kisha kinatema mabaki kwa kinywa kilekile. Hakina ubongo. Hakina moyo. Na kinaua vizuri tu! Kitabu changu nlichonunua soko la Darajani kinasema ni ndugu yake konyeza, yule anayeelea kama mfuko wa maji na kuchoma watu. Kitabu hakina jalada, lakini kurasa zote nazijua.

Jumatano, 11 Februari

Bi Rahma wa maabara ya bahari anataka msichana mmoja wa kumkusanyia viumbe. Nimejibu masuali yake yote. Akataka cheti. Sina. Nafasi kampa Zuhura, mtoto wa ami yangu. Cheti anacho, konyeza hamjui mbele wala nyuma. Jumamosi anajaribiwa: apeleke kikapu kizima cha viumbe.

Jioni kaja kuniomba nimfundishe pwani. Mie!

Namchukia.

Ijumaa, 13 Februari

Nimekubali kwenda. Nimetia chupa ya siki kikapuni, kitabu kinasema ndiyo dawa ya konyeza. Zuhura kaiona. Kauliza kama tutakula achari huko. Kacheka mwenyewe.

Jumamosi, 14 Februari

Mbweni. Bamvua, maji yametoka mbali. Konyeza katupwa mchangani, mikia yake mirefu kama uzi uliotatizana. Zuhura akauliza, "Kafa huyu?"

"Kafa. Mchukue."

Kweli kafa. Lakini vijimwiba vyake havifi naye, vinafyatuka hata mwenyewe keshakauka. Nnajua. Ukurasa wenyewe una picha.

Akamnyanyua kwa mikono mitupu. Mikia ikamzonga mpaka kiwikoni. Ukelele ule sijapata kuusikia. Bibi mmoja aliyekuwa akichokoa chaza akaja mbio, akamsugua kwa mchanga, akammwagia maji yake ya kunywa. Yote mawili yanazidisha. Maji yasiyo chumvi yanavifyatua vijimwiba vilivyobaki. Ningeweza kumzuia yule bibi. Nlitaka kuona.

Nikaona. Mistari ikafura, ikawa kama kapigwa mijeledi. Chupa ya siki nnayo mkononi. Kitabu kimesema kweli, na nlifurahi. Wallahi nlifurahi.

Ndo nkamimina.

Jumapili, 15 Februari

Zuhura kalazwa. Pumzi zinambana. Yule bibi kawahadithia watu wote habari ya siki. Ami kanibusu kipaji cha uso mbele yao, kalia. Mama anawaambia majirani, "Mtoto wangu daktari."

Sikula.

Jumatano, 18 Februari

Katoka hospitali. Vidole viwili havikunji. Anasema bahari hataki hata kuisikia. Bi Rahma kaja mwenyewe, kaniuliza nani kanifundisha siki. Nikamwonesha kitabu. Nafasi kanipa mie. Cheti hakukitaja.

Nlidhani ntaruka kwa furaha.

Jumatatu, 23 Februari

Siku ya kwanza ya kazi. Kabla sijatoka Zuhura kabisha hodi. Kaniletea glavu za mpira, alikuwa kaagiza Dar kwa ajili ya kazi hii, zimefika juzi. Kanivisha mwenyewe, taratibu, kwa ule mkono mzima. Kasema, "Bila wewe nshazikwa, dada."

Nikamwambia ahsante.

Zimenienea sawasawa.