Ukurasa wa Tisa

Kipawa, Dar es Salaam
14 Agosti 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kile kikohozi kimekuachia na kahawa imeanza kuanikwa. Mimi mwanao mzima, ila nimekonda kidogo. Mkweo Demetria anasema ni ukaidi tu unaonikondesha.

Nimepata ujumbe wa Mjomba Leodegar kuhusu ile kazi ya ukarani huko nyumbani. Mshukuru sana, lakini sitakuja kuifanya. Tangu kiwanda kitupunguze kazini, nachapisha michezo. Usicheke, Mama. Ni kijitabu na dadu mbili: wachezaji hukaa mezani, kila mmoja akajifanya mtu fulani wa hadithini, akasema zamu yake ikifika atafanya nini, na dadu zikaamua kama atafaulu. Demetria anapiga taipu, mimi nadurufu.

Mchezo wa kwanza unaitwa Kivuko. Kwenye ukurasa wa tisa, mpakia mizigo Mashaka anazama mtoni, na nilikuwa nimeandika kwamba hakuna dadu ya kumwokoa.

Vijana watano wa Kiwalani waliupokea kwa shangwe mpaka hapo. Munira, binti anayeuza vitumbua, ndiye aliyekuwa Mashaka. Alipozama, hawakufungua ukurasa wa kumi. Walikaa matanga! Siku tatu hawakugusa dadu, kahawa ikachemshwa, majirani wakaja kutoa pole na kuuliza marehemu alikuwa mtu wa wapi. Niliposimuliwa nilicheka mpaka basi.

Siku ya nne walikuja Kipawa wakanirudishia kijitabu. Munira alisema mtu hawezi kuzama mbele ya wenzake, halafu wenzake waambiwe wasubiri zamu. Nilifoka. Niliwaambia mchezo ni wangu na kanuni ni zangu, asiyeutaka akacheze bao. Walipoondoka, Demetria aliniuliza kwa nini ukurasa ule mmoja naupigania hivyo. Nilirudi kwenye mashine ya kudurufu. Nakujibu wewe.

Mama, Mashaka ni mdogo wangu Alfonsi. Siku ile alipozama nilikuambia nilikuwa shambani. Nilikuwa pale pale mtoni. Tulikuwa tumegombea ndoana, na aliponiita nikadhani ananitania, nikampa mgongo. Miaka kumi na moja nimetaka iandikwe mahali fulani kwamba hapakuwa na la kufanya. Nimekuogopa, Mama.

Nimeuandika upya ukurasa ule. Sasa, yeyote aliye karibu akiacha zamu yake, Mashaka hutoka majini, wala dadu hazirushwi. Jumamosi niliupeleka Kiwalani. Wenzake Munira wote wanne waliacha zamu zao kwa mpigo, bila hata kutazamana. Nililia mbele yao na sikuona haya.

Nitachapa nakala mia mbili, hata wakiniita mwehu. Krismasi nakuja kukwambia haya kwa mdomo wangu. Ukinifungia mlango, nitakaa uani mpaka ufungue.

Nisalimie Mjomba na dada Eufrazia. Kaburini kwa Alfonsi usimwambie kitu kwanza; nitakwenda mwenyewe.

Mwanao,
Projestus